Kono la Nyani Sebuleni Kwangu

Hivi jamani gemu la mpira la kwenye tivii lilianza lini kuombewa ruhusa? Maana juzi Jumamosi nimetoka zangu sokoni Kilombero ninakouza mabati, nimebanwa kwenye kifodi mpaka Sakina goti la mtu liko mbavuni, na baridi la mwezi wa saba la Chuga, Arusha hii hii, mnalijua lile linaloingia mpaka kwenye soksi, nafika home nataka kitu kimoja tu, nikae kwenye kochi nimpige dogo goli mbili tatu kabla ugali haujaiva. Namkuta kakaa anaangalia kimstari kwenye skrini kinasogea kama konokono mjamzito.

"Mbona huchezi?"

"Shikamoo baba. Linajiapdeti."

"Limefika wapi?"

"Asilimia tisa."

"Limeanza saa ngapi?"

"Nilivyoamka."

Na bando ni langu aisee! Bando la mwezi, nimejiunga kwa ajili ya kuwatumia wateja picha za mabati, linamezwa na gemu ambalo halijachezwa hata dakika moja. Nauliza sasa hiko kinachoshushwa humo ni nini, dogo ananiambia eti wamerekebisha nywele za wachezaji. Nywele! Mimi mwenyewe wiki ya tatu hii sijaingia kwa kinyozi.

Sisi bwana tulikuwa tunapuliza kaseti. Kaloleni pale miaka ya tisini kulikuwa na kibanda cha gemu za Sega, unatoa hamsini yako unakabidhiwa pedi ina jasho la watu kumi, kaseti ikigoma unaichomoa unaipuliza phuu unarudisha, hiyo ndo ilikuwa apdeti. Ni ile FIFA ya kwanza kabisa, iliyotoka mwishoni mwa 1993, uwanja umelala kiubavuubavu, wachezaji wote sura moja kama mapacha ishirini na mbili, na majina ya kubuni maana hawakuwa na kibali cha kutumia ya watu wenyewe. Nani alijali? Refa akitaka kukupa kadi unamkimbia! Kweli kabisa, unazunguka uwanja na yeye anakufukuzia, kibanda kizima watu wanalia kwa kucheka.

Alafu kulikuwa na ule ujanja sasa. Kipa akishadaka, unampeleka mchezaji wako akasimame puani kwake, yule bwege anapiga hivyo hivyo, mpira unakugonga unarudi wavuni. Mimi ndo nilikuwa profesa wa hiyo kitu. Kuanzia Kaloleni mpaka Levolosi waliniita Msimamia Kipa, wakubwa wa form four wakiniona kwenye foleni wanakumbuka wametumwa dukani. Mpaka mwenye kibanda akachukua chaki akaandika ukutani HAIRUHUSIWI KUMSIMAMIA KIPA, na chini yake HAKUNA KUKOPA. Sheria imetungwa kwa ajili yangu, mtoto wa darasa la sita. Sijawahi kuwa mtu muhimu hivyo tena.

Ikaja PlayStation ya kwanza, PS1, ikaja PS2 na gemu lingine la mpira, PES. Konami wanaolitengeneza hawakuwa na leseni za timu nyingi, basi Liverpool yangu ikaitwa Merseyside Red nikakaa miaka nadhani ndo jina lake la ubatizo. Na kwenye zile za PS1 kulikuwa na beki wa Brazil anaitwa Roberto Larcos, we mwenyewe unajua ni Roberto Carlos, herufi tu zimepigwa chenga. PES 6 ya 2006 ndo usiseme, mtu akichukua Inter tu ugomvi, Adriano alikuwa anaachia shuti kutoka kwao mpaka kwenu, kijiweni tukapitisha kwamba anayechukua Inter anatununulia soda wote.

Memori kadi ya kusevia gemu, MB 8. Nane! Na humo ndani kulikuwa na Master League yangu ya miezi mitano, ligi ya PES ya kujenga timu, wachezaji wa kubuni kina Castolo na Minanda nimewalea mwenyewe tangu hawajui kupiga pasi ya mita mbili, akaja binamu kutoka Moshi kula likizo, akakuta kadi imejaa, akafuta ili aseve mbio zake za magari. Mpaka leo nikienda kwao Kiboriloni kwenye Krismasi namsalimia kwa mkono wa kushoto.

Sikatai, yamekuwa mazuri. FIFA 22 waliwavalisha watu 22 nguo zenye vifaa vya kusoma mwendo wakacheza mechi kabisa ili wanase namna wanavyokimbia, ndo maana mama watoto akipita na sufuria anauliza hii ni laivu? Majina nayo yamebadilika, EA wanaotengeneza gemu na FIFA wenye jina waliachana baada ya miaka 30, FIFA 23 ikawa ya mwisho, Septemba 2023 gemu hilo hilo likaja kwa jina la FC 24, na PES tangu 2021 inaitwa eFootball. Mimi zote naita FIFA, kama vile dawa yoyote ya meno ni Colgate.

Ila hizo kadi za wachezaji ndo zinaniua. Zilianza kama kitu cha pembeni kwenye FIFA 09, Ultimate Team, unanunua paketi hujui ndani kuna nani, kama kununua robota la mtumba ukiwa umefumba macho. Ubelgiji 2018 walisema hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza huko pointi zao za kununulia paketi. Sa huku kwangu nani atasema? Dogo kaja, gemu gani sitaji, "baba naomba elfu kumi na tano tu, naweza kumpata Mbappe." Siku hiyo nimeuza bandali nzima nina moyo laini, nikatoa. Ikafunguka, mataa, fataki, moshi, tumeshikana mikono mimi na mwanangu kama tunasubiri matokeo ya mtihani, akatoka kipa wa akiba wa timu sijui ya wapi. Hizo ni lita mbili za mafuta ya kula zimesimama golini! Na Yanga humo haimo, Yanga nimeiona kwenye simu za madogo wa boda wamevalisha timu zao jezi kwenye gemu la Dream League.

Haya, Jumapili tumetoka kanisani limemaliza. Nikashika pedi. Vitufe vingi kuliko vidole, dakika ya kumi nimemkata mtu ngwala, refa anakuja, najaribu kumkimbia, wapi, wamemvuta karibu na jasho lake lote, kadi juu. Poa. Nimekula nne. Kipa wake akadaka, damu ikanichemka, nikampeleka straika wangu taratiiibu mpaka puani kwa kipa nikasimama. Kipa ananiangalia. Namwangalia. Akageuka akambingirishia beki pembeni, pasi tano, la tano hilo, kono la nyani sebuleni kwangu kwenye tivii niliyonunua mimi.

Dogo akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, pedi yako imegoma?"

Ikabidi nimweleze yote, kibanda, chaki, ukuta. Kosa hilo. Leo asubuhi natoka getini nakuta watoto wa jirani wanaenda shule, wamejipanga na mabegi yao, kwa sauti moja:

"Shikamoo baba Msimamia Kipa!"

Nikaitikia marahaba, ningefanyaje, na MB zilizobaki hazitoshi kutuma hata picha ya bati moja.