Ko, Ko, Ko Ndani ya Matatu

Mshahara wangu huingia benki na kutokea Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi. Mke wangu amezoea. Mwanamume mwingine ana klabu, mimi nina risasi ya kulehemu.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimempelekea fundi kinanda changu akiwekee spika ya maana. Nakiita kinanda kwa heshima tu. Ni mkebe wa plastiki wenye betri ya volti 9, kapasita, rezista ya mwanga na chipu ya 555. Chipu hiyo yenye miguu 8 ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, na hadi leo hakuna duka la vipuri linaloikosa. Kapasita inajaa umeme, inamwaga, inajaa tena, na spika inatikisika kila mara. Mwanga ukizidi, umeme unapita kwa urahisi, mizunguko inakimbia, sauti inapanda hadi kuwa mluzi. Ukikifunika kwa kiganja, inazama. Gizani hakiimbi kabisa, kinagonga tu: ko, ko, ko.

Fundi alikuwa hodari kupita kiasi. Alikiwekea amplifaya ya kuhubiria uwanjani.

Nikapanda matatu ya Buruburu, nikakaa nyuma, begi katikati ya miguu. Muziki ulikuwa ule wa kutikisa meno, kwa hiyo sikusikia lolote hadi tulipopita City Stadium na dereva akamwona afande mbele. Akazima redio.

Ko, ko, ko.

"Hiyo ni beringi," akasema mzee wa dirishani, kwa uhakika wa mtu aliyewahi kumiliki Datsun.

"Beringi gani! Hiyo ni propela," akadakia mama mwenye mfuko wa sukuma. "Ya shemeji yangu ilianza hivi hivi."

Dereva akapunguza mwendo. Kugonga hakukupungua. Akasimama kando. Ko, ko, ko. Mzee akabadilisha uchunguzi: basi ni injini. Dereva akazima injini.

Ko, ko, ko.

"Ni betri," mzee akasema, lakini sasa kwa sauti ndogo.

Mimi jasho lilikuwa limefika kiunoni. Pakiti ya unga niliyonunua njiani ilikuwa imeisukuma swichi. Nikifungua begi, jua la saa saba lingeingia na kile kidude kingepiga yowe mbele ya serikali. Nikapenyeza mkono taratibu, nikapapasa, nikapata kitufe, nikakizungusha hadi mwisho.

Kilikuwa kitufe cha sauti.

KO! KO! KO!

Kondakta aliruka nje kabla ya abiria yeyote, na nauli zetu zote mkononi. Afande akaja, akachungulia, akafuata macho ya watu hadi miguuni pangu.

"Kijana, fungua begi."

"Afande, nikifungua kitalia."

"Kinaogopa nini?"

"Hakiogopi, afande. Kinapenda mwanga."

Alinitazama kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Nikavuta zipu. Mluzi uliotoka hapo uliwainua vichwa watu wa bodaboda ng'ambo ya Jogoo Road, na sukuma ya mama ikamwagika yote. Afande, kwa akili ya haraka ambayo lazima niisifu, akavua kofia na kukifunika. Ko, ko, ko. Akaiinua kofia. Wiiiii! Akaishusha nusu, sauti ikashuka nayo, nzito na tamu.

Uso wake ukabadilika. Akafunika, akafunua, akafunika robo.

"Ngojeni," akawaambia abiria waliokuwa wakiuliza kama tunaendelea na safari. "Kuna wimbo wa kwaya naukaribia."

Aliukaribia kwa muda mrefu. Mzee wa dirishani akaanza kumwelekeza: juu kidogo, mkubwa, sasa chini. Mama akaweka sauti ya pili huku akiokota sukuma.

"Hii inauzwa pesa ngapi?" afande akauliza hatimaye.

Kabla sijafungua mdomo, kondakta akachomoza nyuma ya kibanda cha mahindi.

"Elfu mbili, mkubwa! Na nauli ya hilo begi bado haijalipwa."