Tovuti iliyolala saa tatu usiku

Mwaka 2018 jimbo la Arkansas, Marekani, lilianza kuwadai baadhi ya watu wazima wanaotibiwa kwa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wathibitishe kila mwezi kwamba wamefanya kazi, wamesoma au wamejitolea kwa saa 80. Mwanzoni taarifa hizo zilipokelewa kwa intaneti tu. Na tovuti yenyewe ilikuwa ikifungwa kila siku saa tatu usiku, hadi saa moja asubuhi!

Sasa mchukue mtu wa usafi wa zamu ya jioni. Anatoka kazini saa nne usiku, mikono bado inanuka dawa ya sakafu, anashika simu ajaze fomu: tovuti imelala. Kazi anayo, ila kwenye kompyuta ya serikali anasomeka mvivu. Miezi mitatu hivyo, bima inakatwa mpaka mwaka uishe. Waliokatwa walizidi 18,000 kabla jaji hajalisimamisha sharti hilo Machi 2019. Watafiti waliofuatilia hawakuona ajira ikiongezeka. Wengi waliolengwa walikuwa tayari kazini, au walistahili kusamehewa.

Wanaopenda masharti ya aina hii wana methali yao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nakubaliana nao kabisa. Ila methali inasema apewe, haisemi aulizwe jembe lake liko wapi. Mama aliyekaa miaka mitano bila ajira anahitaji mtu wa kumwachia mtoto, nauli ya mwezi wa kwanza kabla mshahara haujatoka, na bosi asiyebadilisha zamu kwa ujumbe wa usiku. Badala yake mara nyingi anapelekwa semina ya kuandika wasifu. Ya tatu au ya nne hiyo, sijui wasifu wenyewe una kurasa ngapi sasa.

Halafu akiipata kazi, hesabu inamgeuka. Uingereza, kwenye Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kila pauni 1 unayopeleka nyumbani inapunguza posho kwa peni 55. Hadi 2021 zilikuwa 63. Wenye watoto huachiwa kiasi fulani kwanza, lakini kijana mzima asiye na mtoto anakatwa kuanzia pauni ya kwanza. Akiongeza zamu ya pauni 40, zinazobaki mkononi ni 18. Na hapo nauli hajaitoa.