Midomo Mizuri, Kaakaa Wazi

Jana kundi letu la WhatsApp la mtaani Langoni lilijaa mashallah. Mtu katuma picha mbili za mtoto: ya kwanza ana mdomo wa sungura, ya pili kashonwa, anacheka. Nami niliandika mashallah, sikatai. Kisha mmoja akaongeza, "Saa moja tu ya upasuaji, tatizo limekwisha." Nikaiweka simu chini nisije nikaandika la kujutia.

Limekwisha? Mtoto wa dada yangu hakuwa na picha ya kutuma. Midomo yake mizuri, kaichukua kwa babake. Kilichopasuka ni kaakaa, lile paa la kinywa, kule ndani, na hakuna aliyemfunua kinywa kutazama. Si mkunga, si sisi. Ananyonya, anahangaika, maziwa yanamtoka puani. Siku ya kumi alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Na wale wageni waliokuja kumwangalia mzazi, kila mmoja daktari: hanywi uji wa kutosha, ana ziwa baya, alishika kisu mwezi ukipatwa. Hilo la kisu lilisemwa na mama mwenye shahada! Kaakaa hufunga mimba haijatimiza miezi mitatu, wengine hata hawajajijua kuwa ni wajawazito. Kisu kinaingilia wapi?

Muuguzi mmoja ndiye aliyemulika kinywa kwa tochi ya simu, akatuonyesha. Mtoto kama huyo hawezi kuvuta, hewa inapita kwenye upenyo, ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Ziwa la dada halikuwa na kosa lolote. Akawa anakama maziwa, nasi tukatafuta cha kumnyweshea. Tulichopata ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, tukakichemsha. Unampakata mtoto wima, si chali. Ukingo unagusa mdomo wa chini. Humiminii, unakiinamisha tu maziwa yafike mdomoni, ayalambe mwenyewe kwa ulimi. Unatua, unamcheulisha, unaanza tena. Nusu saa ikipita unaacha, maana nguvu anazotumia zinakula kile kile alichokunywa. Mara 8 kwa siku, na usiku umo humo. Kaakaa halishonwi wiki ya kwanza. Wetu alisubiri hadi miezi 10. Piga hesabu ya vikombe, halafu uniambie saa moja.

Haya, upasuaji una kazi yake, na Smile Train, shirika la hisani la upasuaji huu, wanagharimia wengi, Mungu awalipe. Ila daktari hataki kumlaza mezani mtoto aliyedhoofika, na wa kumnenepesha ni mama huyo huyo mliyemwambia ana ziwa baya.

Masikio nayo hujaa maji kwa watoto hawa. Ukimwita asigeuke, usimwite mkaidi, mpeleke akapimwe. Matamshi ni habari ndefu, nitaiandika siku nyingine.

Tochi iko kwenye kila simu, hata hizi za kitufe. Kumulika kinywa cha mtoto siku anayozaliwa ni dakika ngapi? Dada alingoja siku kumi, na kila siku alilia akijiona yeye ndiye aliyeshindwa kunyonyesha.

Kile kikombe hakijarudi kwenye seti. Juzi shemeji alikimiminia kahawa, akapokonywa kabla hajapiga funda.