Mlinzi wa gereza hakuambiwa atume hela

Jumapili jioni, kwenye mkutano wa injili mtaani kwetu, mhubiri alisoma Matendo 16:31 kwa sauti ya kusisimua: "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Amina zikapigwa. Halafu ikatangazwa namba ya kutuma sadaka ya imani: elfu kumi kwa ajili ya nafsi yako, elfu hamsini ukitaka kuwafunika na wa nyumbani. Jamani! Yaani hata "pamoja na nyumba yako" imepata bei ya familia, kama kiingilio cha Sabasaba.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mtumishi alichagua sura ileile inayomsuta. Rudi nyuma mistari michache tu. Paulo na Sila wako Filipi, koloni la Kirumi huko Makedonia. Kuna kijakazi mwenye pepo wa uaguzi anayewaingizia mabwana zake faida nzuri. Paulo anamtoa yule pepo. Mabwana wanapoona mradi umekufa, hawaji na hoja za dini. Wanawakamata hao wawili, wanawaburuta mpaka sokoni mbele ya wakuu na kudai kuwa Wayahudi hawa wanachafua mji. Bakora, chumba cha ndani cha gereza, miguu kwenye mkatale. Kwa hiyo neno lile la wokovu lilisemwa na watu waliofungwa kwa kosa la kumharibia mtu biashara yake ya mambo ya roho. Hilo nani analihubiri? (Na yule binti je? Sijawahi kusikia mahubiri yanayouliza mabwana walimfanya nini alipoacha kuwaletea hela.)

Sasa njoo usiku wa manane. Tetemeko, milango wazi, mlinzi amechomoa upanga ajiue, kwa sababu anadhani wafungwa wametoroka na anajua yatakayompata. Paulo anapaza sauti: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa." Mtu anaingia akitetemeka, anaanguka mbele yao, anauliza afanye nini apate kuokoka. Hebu fikiria nafasi hiyo! Mwajiriwa wa serikali, hofu imempanda kichwani, angeambiwa alete mshahara wa mwaka mzima angeleta. Akaambiwa aamini. Basi. Ni yeye mwenyewe, saa ileile, aliyewachukua akawaosha mapigo, akabatizwa na watu wake wote, akawapandisha nyumbani kwake na kuwaandalia chakula. Mnaopenda kunirushia barua ya Yakobo, kwamba imani pasipo matendo imekufa, matendo ndiyo hayo, na hakuna aliyemdai.

Simoni wa Samaria alipotoa fedha ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Na Yerusalemu, karibu mwaka 49, wengine waliposhikilia kwamba watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, lazima watahiriwe ndipo waokoke, Petro huyohuyo aliuliza kwa nini wanafunzi wavikwe kongwa shingoni.

Haya, nakubali, tena shingo upande: injili ina gharama. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila ili apate kula, na Wafilipi haohao walimtumia msaada akiwa Thesalonike, zaidi ya mara moja. Alipokea na akawashukuru kwa barua. Lakini walikuwa watu walioamini tayari, wanamsaidia mtu wao mwenye shida. Hakuna aliyekuwa analipia mlango.

Nanyi watumishi najua mna shida zenu. Spika ni za kukodi, turubai lina mwenyewe, jenereta linakunywa mafuta usiku kucha. Semeni hivyo basi! Siku mkitangaza "ndugu, tunachangia dizeli," mimi nitakuwa wa kwanza kutuma, na ya kutolea nitaweka.