Tanianeni tu, lakini nguzo za Kaole msiziguse

Vijana niliowasoma kwenye habari, wanaopiga picha makaburini Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, na kuandika eti wazee walizikwa na sahani za pilau, sina ugomvi na utani wao. Hata msibani watani hutania. Kinachoniuma ni kuegemea zile nguzo zilizosimama makaburini na kupanda juu ya makaburi! Hizo wanazoita sahani za pilau ni vishimo vya mviringo kwenye nguzo, ambamo yalikaa mabakuli ya kaure ya China. Ukisogea unaona duara la bakuli kwenye chokaa. Mengi yamebanduliwa (na si kwa upepo). Msikiti wa pale ni wa karne ya 13, wa matumbawe, na matumbawe yakimeguka ndiyo basi. Jamani wana Bagamoyo, pigeni picha mkiwa chini, mwulizeni mwongozaji habari za waliolala pale.