Vikombe vinne, mia tano, na mimi hakimu mbovu

Jameni wacha niwape aibu yangu ya Jumapili moja hapa Busia, Uganda. Tulikuwa na wageni, na binti wa dada yangu, ana miaka sita, akaamua mwenyewe kubeba trei ya chai, hakuna aliyemtuma, akafika mlangoni pazia likamnasa mguu na vyote chini. Vikombe vinne pamoja na flasiki mpya, zile za kioo ndani, ikalia paa! Nilimfokea mpaka wageni wakaanza kuangalia simu zao. Mtoto hata hakulia, alitoka mbio akajibanza nyuma ya tenki la maji akakaa huko mpaka jua linazama.

Sasa wiki hiyohiyo kaka yake wa miaka tisa nilimkuta amepanda stuli anachomoa mia tano kwenye mkebe wa hela ya maziwa. Hakuvunja kitu. Mimi nikacheka, nikasema huyu mjanja huyu, nikachukua mia tano yangu yakaisha.

Usiku tukila posho nikawauliza watoto, kati ya hawa wawili nani amekosa zaidi? Kadogo ketu ka miaka mitano kakajibu haraka, dada, manake amevunja vingi. Yule mkubwa wa kumi na moja akaniangalia akasema, "Lakini mjomba, huyu alikuwa anasaidia, yule alikuwa anaiba." Mjomba kimya. Kumbe na ndevu zangu zote hukumu yangu ni ile ya mtoto wa miaka mitano!

Na si jambo geni hili. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alishawauliza watoto swali karibu lilelile, akaandika alichopata mwaka 1932. Mtoto mmoja anasukuma mlango, hajui nyuma yake kuna vikombe 15, vinavunjika vyote. Mwingine anapanda kiti aibe jamu, anavunja kimoja. Wadogo wengi walihesabu vikombe, wakubwa wakauliza alikuwa anataka nini. Waliomfuata walimsahihisha kidogo, kwamba hata wa miaka mitatu minne anaielewa nia ukimweleza wazi wazi. Kwa hiyo akili ya kupima nia wanayo mapema, shida yangu ni sisi watu wazima tunaowarudisha kwenye kuhesabu vikombe. Huku kwetu fimbo inafuata bei ya kitu. Sheria ilishakataza viboko shuleni tangu 2016, sawa, lakini nyumbani ukivunja cha elfu arobaini unalia cha elfu arobaini, na ukiiba bila kelele unaitwa mjanja. Mtoto anajifunza nini hapo? Anajifunza kutosikika, basi.

Halafu lile tenki lilinisumbua kuliko flasiki. Si wengi wanajua kwamba mambo yanayofundishwa dunia nzima kuhusu mtoto na mlezi wake mengine yalianzia hapahapa Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja 1954, akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, anarudi na kurudi, anakaa na akina mama anaangalia tu watoto wachanga. Aliona kachanga kanatambaa kwenda kuchunguza vitu, kanageuka kuangalia kama mama yupo, kakishtuka kanamrudia, kakitulia kanaondoka tena. Yaani mama ndiye anayekapa ujasiri wa kwenda mbali. Mpaka leo nashangaa kwa nini hatujivunii hilo, wenzetu Marekani wanalisomea digrii. Sasa wangu aliposhtuka alikimbia kunikimbia mimi.

Nikamwomba msamaha. Mzee jirani akasikia akaniambia eti nitamharibu huyo mtoto. Labda, tutaona.

Juzi jioni walikuwa wanacheza kwepena hapo nje, ule mchezo wa kukwepa mpira, ukiguswa unatoka, mpira wao wa makaveera, yaani mifuko ya plastiki, yaliyofungwa kamba, na yule kijana wa mia tano akapigwa lakini anaapa hajaguswa. Kelele! Nilitaka kutoka niamue, nikajizuia, manake kwa mchezo hakuna mkubwa wa kukuogopesha, mkishindwa kuelewana mchezo unakufa na kila mtu anarudi kwao kuosha vyombo, kwa hiyo wanalazimika kujadiliana hata kama ni kwa kupiga kelele. Mwongo wewe, toka! Ndo yule wa miaka sita akaingia katikati, mikono kiunoni kama shangazi, akasema, "Ulimgusa shati kwa nyuma, mimi nimeona. Yeye hajasikia. Hadanganyi, hajui tu."

Wakanyamaza kidogo, wakabishana tena, mwisho wakakubaliana arudie mara moja. Akarudia, akapigwa tena safari hii ya mgongo kabisa, akatoka mwenyewe anacheka.

Flasiki bado sijanunua. Chai tunaimwaga moja kwa moja kutoka sufuriani, na trei anabeba yuleyule.