Mtoto afungue bunda mwenyewe

Mpe mtoto wa mwaka wa pili wa shule ya msingi 42 − 17, usishangae akikuandikia 35. Si uvivu. Ameona 2 juu na 7 chini, akajua 2 haitoshi, basi akageuza: 7 kutoa 2. Kwake ile 4 ya ubaoni ni 4 tu. Hajawahi kushika kumi zilizomo ndani yake.

Ndiyo maana vijiti vitangulie ubao. Hapa Goma vinapatikana kirahisi: chukua vijiti vya brosheti (mishikaki), kata ncha, kila kimoja kibaki sentimita 10. Pete za kufungia zikate kwenye mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Fundi wa barabarani atakupa. Vijiti 50 vinamtosha mtoto kwa kuanza. Vya kiberiti ni vyembamba mno, vinaponyoka kwenye pete. Maharagi yanafaa kwa hesabu ndogo, ila hayafungiki kumi kumi.

Mtoto afunge mabunda 4 ya vijiti kumi kumi kwa mikono yake, abakize vijiti 2. Sasa atoe 17, aanze na vile 7. Ana 2 tu. Hapo ndipo walimu wengi wanapoharibu: wanamhurumia, wanamfungulia bunda. Jamani, mwacheni! Akikwama, muulize, "Vingine viko wapi?" Atavua pete mwenyewe. Kabla hajatoa chochote, ahesabu upya: mabunda 3 na vijiti 12, bado ni 42. Hatua hii isirukwe, maana wapo wanaodhani ukifungua bunda idadi imeongezeka. Kisha aondoe 7, vibaki 5, aondoe na bunda 1. Amebaki na 25.

Vilivyotolewa visirudi mfukoni. Viwekwe pembeni kwenye kitambaa. Akiviunganisha na vile 25 anapata 42, na amejisahihisha bila kumngoja mwalimu.

Watoto wanne wakishirikiana vijiti, mwenye mkono mwepesi hufanya yote. Kila hesabu mpya, vijiti vihamie kwa mwingine.

Noti za franka zije baadaye. Noti ya 1000 haifunguki ikatoa za 100. Mtoto anabadilishiwa tu, anaamini.

Siku akitazama 53 − 28 na kusema "lazima nifungue moja" kabla hajagusa pete, vijiti vinaweza kupumzika. Mkifika 402 − 17 vitoeni tena, mkiweka mabunda kumi katika kila mfuko wa mia: pale katikati, penye makumi, hakuna bunda la kufungua, mpaka kwanza afungue mfuko.